Shajara ya lebo ya asali: kutoka madai 37 hadi 9

4 Juni

Leo mteja wangu wa Mbagala kanitumia picha mbili. Moja ya chupa yangu, nyingine ya chupa ya dada mmoja anayeuza Instagram kama mimi. Zote zimeandikwa "asali mbichi, orijino, 100%". Chini yake kaandika: "Sasa nyie, ipi ya kweli?"

Nimekaa na simu mkononi, jibu sina. Ya kwangu naijua, najua hata ndoo ilikotoka. Ila hayo yamo kichwani mwangu, kwenye chupa hayamo. Kwenye chupa mkweli na mchakachuaji tumevaa sare moja.

Jioni nimeandika kwenye kundi letu la WhatsApp la wauza asali. Tuko kumi na wanne: kumi na mmoja Dar, wawili Morogoro, mmoja Tanga. Nimependekeza tuwe na masharti ya pamoja, yaani neno gani linaruhusiwa kwenye lebo na kwenye tangazo, na anayeliandika awe na nini mkononi. Kumi wamekubali. Wawili wamejibu kwa kidole gumba, ambacho mimi sikihesabu. Mmoja kauliza itagharimu shilingi ngapi.

9 Juni

Nimechapisha lebo za wote na kuzitandaza mkekani sebuleni. Watoto wameambiwa wapite kwa mlango wa nyuma. Nimehesabu madai tofauti, nikapata 37. Mengine yanachekesha: "asali ya nyuki wa asili". Nyuki wa kiwandani wakoje?

Kila dai nimelipitisha kwenye swali moja: kama ni uongo, nani anaweza kukukamata nao, na kwa kipimo gani? "Imerinwa Sikonge, Tabora, mwezi Mei" inakamatika, mtu atauliza kwa nani, atapewa jina na siku. "Ya asili" haikamatiki. Asali yote imetoka kwa nyuki na nyuki hawajaajiriwa na mtu. "Halisi" nayo ni hivyohivyo, na "100%" ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu inajifanya namba.

Wenzetu wa mambo ya mazingira walishayapitia haya. Kiwango cha kimataifa cha ISO 14021, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1999 kwa ajili ya madai ambayo mtengenezaji anajiandikia mwenyewe, kinakataza maneno ya jumla kama "rafiki wa mazingira". Sema hasa ni nini, kwa kiasi gani, na uwe na ushahidi kabla hujasema. Nimewasomea kundini. Kaka wa Morogoro kajibu kwa sauti: "Kwa hiyo lebo itabaki na namba ya simu tu." Nimemwambia tuanzie hapo kwanza.

15 Juni

Siku nzima imeliwa na njiti ya kiberiti.

Wanachama watatu wanataka lebo yetu iruhusu maneno "imefaulu kipimo cha njiti". Mnakijua: unachovya njiti kwenye asali, unaiwasha, ikiwaka basi asali safi. Kuna video zake tele na wateja wanazituma kama hati ya mahakama. Nikaona badala ya kubishana nipike. Nimechemsha sukari na maji kidogo mpaka shira ikawa nzito ya kuvutika, nikaipoza. Njiti tatu kwenye shira, tatu kwenye asali yangu ya Sikonge. Kwenye asali zimewaka mbili. Kwenye shira zimewaka mbili pia. Kipimo hiki kikikuambia kitu, basi ni kama kichwa cha njiti kimelowa, na shira iliyokauka vizuri hailowanishi chochote.

Nimeipiga video na kuituma. Kimya cha saa nzima kundini, halafu mmoja kauliza kama nilitumia kiberiti kizuri.

Kuganda nako kuna hadithi yake. Wateja wengi wanaamini asali ikiganda imetiwa sukari, na wauzaji wengine, badala ya kuwafahamisha, wameandika "haigandi kamwe". Asali inaganda kwa sababu ya glukosi iliyomo, na kila maua yana uwiano wake wa glukosi na fruktosi. Yenye glukosi nyingi huganda mapema, na ubaridi unaisukuma. Asiyetaka igande ataipasha moto, na hapo ndipo anapoiharibu. Kwa hiyo "haigandi" imepigwa marufuku, na kwa hili nimepata kura zote kumi na nne. Ni la kwanza hilo.

28 Juni

Leo tumekaa na namba. Hatukutaka kutunga za kwetu wakati zipo. Codex, tume ya viwango vya chakula iliyoundwa mwaka 1963 na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO), ina kiwango cha asali, CXS 12 cha mwaka 1981. Afrika Mashariki nayo ina cha kwake, EAS 36. Kwa Codex maji yasizidi asilimia 20, maana yakizidi asali huchacha na kutoa povu. Sukari ya kawaida, ile sukrosi, isizidi gramu 5 katika gramu 100 kwa asali nyingi. HMF, kemikali inayoongezeka asali ikipashwa moto au ikikaa muda mrefu kwenye joto, isizidi miligramu 40 kwa kilo, lakini kwa asali ya nchi za joto kama yetu wanaruhusu hadi 80.

Sasa likaja lenyewe. Dai ambalo kila mtu analitaka kwenye lebo ni "haijachanganywa na sukari". Ndilo mteja analouliza kwanza na ndilo tunalotukanana nalo sisi kwa sisi. Na ndilo hatuwezi kulithibitisha. Kuna kipimo cha maabara kinachoangalia uzito wa atomi za kaboni na kutambua sukari ya miwa au ya mahindi, kwa kuwa mimea hiyo hujijenga tofauti na maua mengi wanayotembelea nyuki. Lakini anayechakachua kwa shira ya mchele au ya kiazisukari anapita pembeni ya kipimo hicho. Na mashine yenyewe si ya kuikuta kila mtaa, wala bei yake si ya muuzaji wa chupa arobaini kwa mwezi.

Tusijione wanyonge peke yetu. Umoja wa Ulaya ulipochunguza sampuli 320 za asali iliyoingizwa kutoka nje, matokeo waliyoyatoa mwaka 2023 yalisema 147 zilitiliwa shaka, asilimia 46. Wenye maabara zao! Mwaka uliofuata wakabadilisha sheria ili lebo ya asali ya mchanganyiko itaje kila nchi ilikotoka na kwa asilimia ngapi. Yaani na wao pamoja na mashine zote wamerudi kwenye swali la bibi yangu: imetoka kwa nani?

Ubishi umeendelea mpaka saa sita usiku. Uamuzi, kwa kura tisa dhidi ya tano: "haijachanganywa" inatoka. Mahali pake panaingia vitu vinne vya lazima, yaani aliyerina, kijiji na wilaya, mwezi wa kurina, na kiasi cha maji kilichopimwa pamoja na tarehe ya kupima. Dada wa Kigamboni kasema tumeondoa nyama tukabakiza mfupa. Nimelala vibaya, kwa sababu mteja wake atasoma lebo ya jirani yenye "haijachanganywa" na ataona ya kwetu ina kasoro.

12 Julai

Tumechangishana tukanunua rifraktomita mbili, vifaa vya kupimia maji kwenye asali, za mkononi, unatona tone la asali kwenye kioo, unafunika, unaelekeza kwenye mwanga na kuchungulia. Moja inazunguka Dar, moja Morogoro. Dada wa Tanga alisema anayo ya kwake.

Asubuhi katuma namba yake: maji 21.5. Kafuatisha na alama za kulia. Nimempigia.

"Dada, hebu nisomee kinachoandikwa pembeni ya mstari."

"Kimeandikwa Brix. Imesoma 78 na nusu, nikatoa kwenye mia."

Hapo ndipo penye mtego. Brix ni kipimo cha sukari iliyomo kwenye maji, na kimepangwa kwa maji ya sukari ya miwa. Asali si hiyo, na ukitoa namba ya Brix kwenye mia unajiongezea maji kwa takribani asilimia moja na nusu. Ikashuka hadi 20. Nikamuuliza alipima saa ngapi. Adhuhuri ya jana, chumba nyuzi 29, na kifaa chake ni cha zamani, hakijirekebishi kwa joto. Vifaa hivi vimesawazishwa kwa nyuzi 20, na kila nyuzi inayozidi hukudanganya kwa karibu sehemu moja ya kumi ya asilimia. Ikashuka tena hadi 19 na kidogo. Asali nzuri kabisa, na alikuwa tayari kuimwaga.

Sharti jipya: anayeandika namba ya maji aandike pia amepima kwa kipimo gani na kwenye nyuzi ngapi. Si kwenye chupa, pale hapatoshi. Kwenye ukurasa wa mtandaoni wa bechi, yaani asali iliyojazwa chupani kwa mkupuo mmoja, nitaueleza nikiumaliza. Na kila mwezi vifaa vyote vinasawazishwa kwa mafuta maalumu yaliyokuja navyo. Chupa ya mafuta hayo ina ukubwa wa kidole na tayari mtu kaipoteza ya Morogoro.

20 Julai

Kilo na lita. Hili nilidhani litachukua dakika tano.

Wanachama sita wanaandika "lita 1", watano "kilo 1", watatu hawaandiki kitu. Lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo moja na gramu 400. Kwa hiyo anayeuza kilo anajaza chupa ya maji ya kunywa mpaka kidogo tu juu ya lita 0.7, na mteja aliyezoea lita anaona kaibiwa, kumbe hakuibiwa. Na yuko anayeandika kilo, anapanga bei ya lita, na kutegemea hakuna mwenye mizani. Sitamtaja, amejitaja mwenyewe kwa kukaa kimya.

Tumekubaliana: uzito kwa gramu, na picha ya tangazo iwe ya chupa ileile inayouzwa.

3 Agosti

Nilikuwa naiogopa siku hii. Dawa.

Kati ya madai 37, kumi na moja ni ya magonjwa. Vidonda vya tumbo, kisukari, pumu, presha, nguvu za kiume (hili lipo kwenye lebo tano). Miongozo ya Codex kuhusu madai ya vyakula inakataza kusema chakula kinazuia, kinatibu au kinaponya ugonjwa, isipokuwa pale sheria ya nchi au kiwango maalumu kimeruhusu. Nimeiweka kundini bila maneno mengi.

Moto ukawaka. Kaka mmoja kaleta Sura ya An-Nahl, aya ya 69, kwamba ndani ya kinywaji kitokacho matumboni mwa nyuki mna ponyo kwa watu. "Mnataka nifute na hii?" Nilinyamaza, maana si uwanja wangu na sikutaka kuuvamia. Aliyejibu ni ustadhi wetu, ambaye anauza asali baada ya madrasa. Kaandika mistari miwili tu: aya hatuifuti na hakuna anayeweza kuifuta, lakini aya haikutaja chupa yako, na ukiibandika kwenye chupa uliyoitia maji umemsingizia Mola. Hakuna aliyeongeza neno mpaka Alasiri.

Madai kumi na moja yametoka. Badala yake limeingia onyo moja ambalo halikuwepo kwenye lebo hata moja: asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Asali inaweza kubeba vijidudu vilivyolala vya botulizimu, ugonjwa wa sumu unaolegeza mwili, ambavyo tumbo la mtu mzima linavimudu na la kichanga haliwezi. Bibi mmoja mteja wangu kaniambia wajukuu zake wote saba walirambishwa asali siku waliyozaliwa na wako hai. Shikamoo bibi, onyo linabaki.

17 Agosti

Ukurasa umekamilika. Kila bechi ina namba, kwa mfano 07-SKG-03: mwanachama wa saba, Sikonge, ndoo ya tatu. Ukipiga picha msimbo wa kwenye lebo, au ukiandika namba hiyo kwa mkono kama simu yako haina uwezo, unaona yote manne ya lazima, nani kapima, na hali ya bechi: inauzwa, imeisha, au imefutwa. Nimeuweka mwepesi makusudi ufunguke hata kwa bando la mia mbili.

Jambo moja tulilobishania: je, lebo yetu iwe na muhuri? Wengi walitaka duara la kijani lenye nyuki. Nimepinga kwa sababu mbili. Ya kwanza, lisije likafanana na alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Tangu 2019 shughuli za usalama wa chakula zilipohamia TBS kutoka TFDA ya zamani, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, huko ndiko muuza asali anakopaswa kwenda, na masharti yetu hayachukui nafasi ya leseni yao. Wanachama watano tayari wana alama hiyo, waliobaki wako njiani au wanasema wako njiani. Ya pili, picha ya muhuri inaibika.

Nimeshindwa kwa kura. Nyuki kawekwa.

29 Agosti

Nyuki kaibwa. Akaunti tusiyoijua inauza "asali ya nyuki wadogo" na duara letu la kijani pembeni, limekatwa vibaya mpaka bawa moja halipo. Siku kumi na mbili tu. Sitaki kusema niliwaambia, lakini niliwaambia.

Kilichosaidia ni kwamba mtu yule hakuwa na namba ya bechi, na mteja mmoja alimuuliza hadharani chini ya picha: "Namba yake iko wapi?" Akafuta picha. Tumeondoa muhuri kwenye matangazo, na sasa sharti linasema kinachothibitisha ni orodha. Lebo inamwelekeza mteja kwenye orodha basi, na namba isiyokuwemo kwenye orodha ni wino tu.

6 Septemba

Leo ni zamu yangu.

Mteja wa Tabata kanipigia kwamba kifuniko cha chupa kimeruka kabatini na asali inatoa povu. Bechi yangu, ya tisa. Nimechukua chupa iliyobaki nyumbani, nikaipima mara tatu asubuhi na mapema kukiwa na ubaridi: 22.4. Ukurasani nilikuwa nimeandika 19.8.

Niliyopima mwanzo ni asali ya juu ya ndoo moja. Ndoo zilikuwa mbili. Ya pili niliinunua kwa haraka kwa mtu mwingine njiani, nikaamini ni sawa na ya kwanza, nikazichanganya. Ile ya pili ilirinwa mapema, masega ambayo nyuki hawajayafunika kwa nta, na nyuki hafuniki mpaka maji yamepungua anavyotaka yeye. Nilijua hivyo tangu utoto. Msimu ulikuwa unaisha, na mimi nilikuwa na oda.

Chupa 31. Nimewapigia wanunuzi 26, watano sikuwapata nikawatumia ujumbe. Nimerudisha pesa kwa waliotaka, wanane hawakutaka, mmoja kasema anaipikia maandazi. Ukurasani nimeandika: imefutwa, maji 22.4, ndoo mbili zilichanganywa kabla ya kupimwa. Mke wangu kauliza kwa nini nisiifute kabisa isionekane. Ikitoweka, mtu mwenye chupa kabatini ataandika namba na kuambiwa haipo, na atadhani mimi ni yule wa bawa moja.

Mwanachama mmoja kajitoa kundini jioni hii. Kasema mradi unawaanika wanachama. Hajakosea.

Sharti: kila ndoo inapimwa peke yake, juu na chini, kabla ya kuchanganywa na nyingine yoyote. Nimeliandika mimi mwenyewe, na sikuomba kura.

2 Oktoba

Fupi. Mwanachama anataka "ogani" kwa sababu mizinga yake iko mbali na mashamba. Neno hilo lina wenyewe. Afrika Mashariki ina kiwango cha kilimo hai, EAS 456 cha mwaka 2007, na alama yake ya Kilimohai, ambayo hata vikundi vidogo vya wakulima wanaweza kuipata kwa njia ya kukaguana wao kwa wao, mradi mfumo wao umetambuliwa. Ukiwa nayo, iandike na namba yake. Ukiwa huna, andika mizinga iko kilomita ngapi kutoka shamba la karibu. Kakubali, na kusema kweli kilomita zake zinavutia kuliko neno lenyewe.

19 Oktoba

Yamebaki madai 9, wanachama kumi na watatu. Mauzo yangu ya Septemba yalishuka, ya mwezi huu naona yanarudi, lakini sina hakika ni lebo au ni bei ya sukari. Sitaki kuipa lebo sifa isiyostahili.

Asali ya nyuki wadogo, wale wasiodunga, bado inatusumbua. Maji yake kwa asili ni mengi, hupita asilimia 25 bila kosa la mtu, na Codex iliweka namba zake ikifikiria nyuki wakubwa. Kwa sasa tunaandika aina ya nyuki na namba iliyopimwa, bila kusema imefaulu wala imefeli, na tunashauri ikae kwenye friji. Dada wa Kigamboni hajaridhika. Tumempa yeye kazi ya kuandaa pendekezo.

Na nani anampima mpimaji? Hilo kaka wa Morogoro kaliuliza mara tatu. Kuanzia Novemba kila mwezi tutabadilishana chupa mbili bila majina, kila mmoja apime ya mwenzake. Tumeanza kuchagua nani kwa nani, na tayari watu wawili hawataki kupimana.

Jioni basi la Tabora limeniletea ndoo mpya kutoka kwa mzee wa Sikonge. Safari hii kuna kikaratasi cha daftari kimefungwa kwa kamba kwenye mkono wa ndoo, ndani ya kimfuko cha plastiki kisilowe. Kaandika kwa peni ya bluu jina lake, kijiji, tarehe aliyorina, na chini: "maua ya mtundu na muba, masega yamefunikwa yote." Sikuwahi kumwomba hilo la maua. Nimepima juu, 18.4. Chini 18.6. Karatasi nimeipiga picha, inaingia ukurasani kama ilivyo.